Je, samaki aliyedanganywa ni mjinga?

Huku kwetu kijana akitapeliwa, neno la kwanza analosikia si "pole". Anasikia, "Umemeza ndoano!" Halafu kicheko. Mwizi wa simu tunamkimbiza na kumtukana, lakini aliyedanganywa tunamcheka. Kwa nini? Kama kudanganya ni ubaya, mbona aibu inambakia aliyedanganywa? Swali hilo nimekaa nalo muda mrefu, na hapa nataka kulifuata mpaka pale akili yangu inapofika.

Nitalifuata kwa njia ya samaki. Neno "ndoano" limetoka huko, na siye tunaokaa kati ya Mantapala na Kashikishi hatuwezi kusema hatujui samaki. Hata yule asiyewahi kupanda mtumbwi amekula chisense, dagaa wetu wa Mweru, mpaka amechoka. Mimi ninafanya kazi na vijana. Shule yangu iliishia sekondari, kwa hiyo, ndugu msomaji, usingojee maneno makubwa. Ninajua mpira, vikao, kuandika majina kwenye daftari, na kusikiliza. Mengi ya humu nimeyapata kwa kusikiliza.

Njia tatu

Ziwa Mweru lina zaidi ya kilomita za mraba 5,000, na mpaka wa Zambia na Congo unapita ndani ya maji. Mto Luapula unaingilia kusini. Kalungwishi unaingilia mashariki. Maji yote yanatokea kaskazini, pale Pweto, yanaitwa Luvua, yanakwenda kukutana na Lualaba na mwisho yanakuwa Mto Congo wenyewe. Maji yanakwenda Pweto. Siye wengi tulitoka huko Pweto na kuja huku, yaani tulikwenda kinyume cha maji.

Ndani ya ziwa hilo mtu anamkamata samaki kwa njia nyingi, lakini kwa swali langu naona tatu zinatosha.

Ya kwanza ni wavu. Wavu hausemi kitu. Unazuia njia tu. Samaki alikuwa anapita zake, akapita pabaya. Hapo hakuna aliyemwahidi chochote.

Ya pili ni chambo. Mnyoo, kipande cha samaki mwenzake, bonge la bukari (au nshima, kama wenyeji wetu wanavyosema). Hapo kuna ukweli na uongo pamoja. Chakula ni cha kweli, kinaliwa. Kilichofichwa ni ndoano.

Ya tatu ni chambo bandia. Kipande cha bati kinachong'aa, kijiko kilichokatwa mpini na kutobolewa tundu, samaki wa plastiki mwenye macho ya rangi. Hapo hakuna chakula hata punje. Ni ahadi tupu. Wamarekani wana hadithi ya mtu wao Julio Buel, kwamba kijiko kilimponyoka ziwani wakati anakula, akaona samaki mkubwa amekirukia. Kama ilitokea hivyo au walipamba, sijui, lakini kitu kimoja ni cha hakika: mwaka 1852 Buel alipata hati ya serikali ya uvumbuzi wake wa chambo cha namna hiyo. Vijana wetu hawakusoma habari za Buel. Wao walikata kijiko kwa sababu kijiko kilikuwepo.

Ukitaka kuwaona, nenda pale Kalungwishi unapoingia ziwani, mwezi wa sita au wa saba, wakati wa baridi. Upepo unatoka kusini-mashariki, asubuhi watu wamejifunika vitenge mpaka masikioni. Maji yakipoa, samaki naye anapunguza mwendo. Hakimbilii kila kitu. Kwa hiyo anayevua kwa kijiko naye anabadilisha mkono: hatupi na kuvuta haraka kama wakati wa joto. Anavuta polepole, anasimama kidogo ili kijiko kizame na kuyumbayumba kama samaki aliyeumia, halafu anavuta tena. Anatafuta sehemu ambapo maji ya mto yanakutana na maji ya ziwa, karibu na matete, maana hapo ndipo wakubwa wanapowangojea wadogo. Wanaokuja ni manda, yule wa meno ya msumeno, na makobo mwenye mdomo mpana anayejificha kwenye majani.

Anayenaswa ni nani

Niliwahi kumwuliza mzee mmoja wa kwetu, aliyevua upande wa Kilwa ya Congo kabla ya vita, "Papa, samaki anayekula kijiko si mjinga huyu?" Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto wa mjini.

"Mujinga ni weye, mutoto yangu. Ule anakula kila siku bila kulima. Weye utaweza?"

Jibu hilo lilinifungua. Angalia vizuri ni samaki gani anayenaswa na kijiko. Wale wanaokula majani na matope hawakijali. Kinapita mbele ya macho yao, wanaendelea kulamba mawe. Anayekirukia ni mwindaji. Ni yule anayejua kwamba kitu kidogo kinachong'aa na kuyumba ni samaki dhaifu, na samaki dhaifu ni chakula. Na anajua sawasawa! Mara mia anayorukia kitu cha namna hiyo, anashiba. Kijiko hakitumii ujinga wake. Kinatumia ujuzi wake. Mtengeneza kijiko amekaa chini akajifunza yale ambayo samaki anayajua kwa haki, kisha akayageuza kuwa mtego.

Ndiyo maana nasema mwenye wavu hana haja ya kukujua sana. Anahitaji kujua njia yako tu. Lakini anayekudanganya vizuri ni yule anayekujua: anajua njaa yako ina umbo gani na inang'aa rangi gani.

Sasa leta jambo hilo kwetu kambini. Kuna kijana wa kikundi chetu, sitasema jina wala mtaa wake. Alikuwa na baiskeli, anabeba samaki wakavu na mkaa kwa malipo. Mtu akampigia simu, akajitambulisha kwamba ana mkono wake kwenye ofisi ya wanaosafirishwa, na kwamba kuna nafasi za Kanada zimebaki mbili. Akamtajia jina lake kamili. Akamtajia mwaka ambao familia iliingia Zambia. Akataka kwacha 1,800 za "kufungua faili". Kijana akauza baiskeli. Alipotuma pesa, namba ile haikupatikana tena mpaka leo.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike. Watu walimpa jina la utani: Kanada. "Kanada, ndege saa ngapi?" Akaacha kuja mpirani. Akaacha kuja kwenye vikao. Hata mama yake akawa anasema mbele za watu, "Huyu mutoto hana akili."

Mimi nakataa. Hebu tuhesabu alichokijua kijana yule. Alijua kwamba kusafirishwa kwenda nchi ya tatu ni jambo la kweli. Ni kweli. Wapo wakimbizi waliokwenda, tumewaaga, tumewaona wakipanda magari. Alijua kwamba majina huitwa kwa simu. Ni kweli. Alijua kwamba nafasi ni chache, na anayechelewa anakosa. Ni kweli tena: katika dunia nzima, kwa mwaka, wakimbizi wanaosafirishwa kwa njia hiyo hawafiki hata mmoja kati ya mia. Yote aliyoyajua yalikuwa sahihi. Kitu kimoja tu ndicho hakikuwa mkononi mwake wakati ule, kwamba shirika la UNHCR linasema wazi huduma zake zote ni bure, hata hiyo ya kusafirishwa, na anayedai pesa ni tapeli. Uongo usio na mfano wake wa kweli hauvui kitu. Kijiko kinafanya kazi kwa sababu samaki wadogo wapo.

Tena angalia ni kijana wa namna gani aliyenaswa. Si yule anayelala mpaka saa nne. Yule hakuna wa kumpigia simu, na akipigiwa hapokei. Aliyenaswa ni mwenye baiskeli, mwenye mbio, anayetafuta. Wahenga wa pwani walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu, yaani anayezungukazunguka ufukoni hakosi kitoweo. Ni kweli, lakini wenye vijiko nao wanajua kwamba wagaagaa wako ufukoni. Tukimcheka aliyenaswa, tunawafundisha vijana wote kwamba salama ni kulamba matope.

Anayevua na kuachia

Rafiki yangu mmoja sasa yuko Uingereza kwa dada yake. Katika baridi yao, ambayo si kama hii yetu, alinitumia picha za watu waliosimama kwenye mlango wa mto, mahali ambapo maji ya bahari yanapanda na kushuka. Wamevaa mabuti mpaka kifuani, wanatupa samaki wa plastiki, wanavuta polepole, wanatupa tena. Wanamtafuta samaki wa bahari wanayemwita bass, mwindaji mwenye mdomo mpana, ndugu wa makobo kwa tabia ingawa si kwa ukoo. Rafiki yangu akasema katika ujumbe wa sauti, "Sikia hii: baba moja alisimama pale masaa matano, akamupata moja, akamupiga picha, akamurudisha mu maji!"

Tuliposikiliza ujumbe ule kikundini tulicheka mpaka machozi. Samaki anarudishwa! Lakini baadaye nilifikiri. Yule baba anasema moyoni: sikumuua, kwa hiyo sikumkosea. Je, ni kweli?

Wapo wanaosema si kweli. Mwaka 2003 mtaalamu Lynne Sneddon na wenzake, huko Uskochi, walionyesha kwamba samaki aina ya trauti ana mishipa ya kuhisi maumivu kichwani na mdomoni, mahali pale pale ndoano inapoingia. Na Uswisi sheria inakataza kwenda kuvua kwa nia ya kuachia. Wao wanaona kumwumiza mnyama kwa mchezo tu si sababu ya kutosha. Ukimvua, umle.

Mimi sina ugomvi na yule baba. Ila nimejifunza kitu kwa Waswisi. Mwenye kula ana sababu anayoweza kuitaja mbele ya watu: watoto wangu walikuwa na njaa. Mwenye kuachia lazima atafute sababu nyingine, na kila akiitafuta inakuwa nyembamba. "Hakufa" si sababu. Ni hesabu ya hasara tu.

Siye tunaijua hesabu hiyo. Ni mara ngapi mtu amefika na karatasi zake, akatuuliza tulivyovuka, nani alikufa, tulilala wapi, tukalia mbele yake, akapiga picha, akaondoka? Ameturudisha majini. Hatukufa. Soda tumekunywa. Lakini kuna kitu kilitoboka mdomoni.

Ndoano ionekane

Hapa lazima nijitazame na mimi, maana na mimi ninavua. Kila Jumamosi ninawaita vijana kwa mpira. Nikisema "njooni tuzungumze juu ya ukimwi", watakuja wanne. Nikisema "kuna mechi, na kuna soda kwa washindi", watakuja sitini. Kati ya kipindi cha kwanza na cha pili tunakaa chini ya mti na kuzungumza juu ya ukimwi, juu ya mimba za utotoni, juu ya pombe. Mpira wangu ni chambo? Ni chambo, nasema wazi. Soda nayo? Hata soda.

Basi tofauti yangu na yule wa simu iko wapi? Wengine watasema iko kwenye nia: wewe unataka mema yao. Jibu hilo silipendi. Nia haionekani, na kila tapeli anaweza kuidai. Hata mwenye kijiko anaweza kusema anampenda samaki, na huenda ni kweli, anampenda kweli kweli akiwa kwenye mafuta.

Mimi nimepata kipimo kingine, na ni rahisi. Mwonyeshe ndoano, uone kama bado atakuja. Ninapowaambia vijana kabla ya mechi, "Leo tutacheza, halafu mapumziko nitawaweka chini dakika ishirini, tutaongea habari za ukimwi, na asiyetaka anaweza kwenda kunywa maji," na wao bado wanakuja sitini, basi hiyo si ndoano tena. Ni makubaliano. Lakini yule wa simu hawezi kusema, "Nitumie 1,800, kisha nitaizima namba." Kazi yake inakufa siku ile ile anapoionyesha. Kitu kinachoishi kwa kufichwa peke yake, hicho ndicho kijiko.

Kwa samaki kipimo hiki hakipo, maana samaki hawezi kukubali wala kukataa. Kwa hiyo simhukumu mvuvi kwa kumdanganya samaki. Mtu ndiye anayeweza kuulizwa. Kumfanyia mtu kama samaki maana yake ni kukwepa kumwuliza jambo ambalo angeweza kulijibu.

Wavuvi wa chisense nao wamenifundisha. Hao wanavua usiku kwa taa. Zamani zilikuwa za mafuta, za kupiga pampu, siku hizi ni taa za betri na sola. Usiku wa giza, ukisimama Kashikishi, unaona ziwa limejaa nyota zilizoanguka. Chisense wanaifuata taa, wavu unawangojea chini yake. Lakini mwezi ukiwa mpevu mavuno yanapungua, na wengi hawaendi. Si kwamba chisense wamekuwa na akili zaidi wiki ile. Ni kwamba mwanga uko kila mahali, na taa moja haina tena cha kuwaambia.

Ndivyo ninavyoelewa kazi yangu juu ya utapeli. Kumgombeza kijana "usifuate taa" hakusaidii, maana katika giza kiumbe chochote kitafuata taa. Kinachosaidia ni kuongeza mwanga: tangazo la kwamba huduma ni bure liwe kanisani, kisimani, kwenye kinu, kwenye mlango wa duka, na lisemwe kwa Kiswahili na Kibemba, si kwa Kiingereza peke yake. Na mwanga mkubwa kuliko wote ni wa aliyenaswa mwenyewe, kama tungemwacha aseme bila kumcheka. Kila tunapomwita "Kanada" tunamziba mdomo shahidi wetu mmoja.

Lakini anayeiona ndoano na bado anaimeza?

Nilipofika hapa nilidhani nimemaliza. Kisha mama mmoja wa kikundi cha akiba akanivuruga. Akaniuliza, "Na kaloba je?"

Kwa msomaji wa mbali: kaloba ndiyo mikopo ya mtaani hapa Zambia. Unachukua kwacha 500, mwisho wa mwezi unarudisha 750, mahali pengine hata 1,000. Usipolipa wanabeba redio, godoro, sufuria. Hapo hakuna uongo. Mwenye pesa anakuambia kila kitu, unaandika jina, unaacha kitu chako kama dhamana. Ndoano iko wazi, inang'aa, umeishika mkononi ukaipima. Na bado mama anaimeza, kwa sababu mtoto ana homa leo.

Basi kipimo changu kimepasuka? Nadhani hakijapasuka, ila kimeonekana ni kifupi. Kuonyesha ndoano kunatosha kwa aliyeshiba. Mwenye njaa kali, ukweli haumlindi. Wala mwenye kukopesha hawezi kusema, "Si nilimwambia?" Ni sawa na mvuvi kusema samaki angeweza kuuzunguka wavu.

Na hapa ziwa lina la kusema, maana limeyaona makubwa. Wazee wa Luapula wanamkumbuka mpumbu. Alikuwa samaki mnono mwenye mayai mengi, na mvua zikianza alipanda Luapula kwa makundi kwenda kuzaa. Wakati ule hakuhitaji kijiko wala chambo. Alikuwa hana njia nyingine, lazima apite pale, na watu walijua atapita. Siku za migodi ya Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, wafanyabiashara Wagiriki pale Kasenga walinunua samaki kwa wingi kwa ajili ya wachimba shaba. Mpumbu alivuliwa akiwa na mimba, kwa ajili ya mayai yake, na kufikia mwisho wa miaka ya 1940 makundi yale yalikuwa yamekwisha. Hakuna aliyemdanganya mpumbu. Alikamatwa waziwazi, wakati ambao hakuweza kukataa.

Leo Zambia ina sheria ya kufunga uvuvi, na Mweru wetu umo: tangu tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari. Hairuhusiwi kuvua hata kwa wavu halali, hata kwa ndoano moja. Na rafiki yangu ananiambia kwao Uingereza pia kuna miezi ya baridi, Februari ikiwemo, ambayo hairuhusiwi kwenda nyumbani na bass, na miezi mingine akiwa chini ya sentimita 42 anarudi majini. Samaki yule anakua polepole, na wakati wake wa kuzaa unaanzia katika baridi hiyo. Nchi mbili zilizo mbali hivyo zimefikia wazo moja. Wazo hilo halihusu uongo. Linasema: kuna wakati ambao kiumbe hakamatwi, hata kwa njia ya haki, kwa sababu wakati huo hana nguvu ya kukataa.

Wazo hilo linanitetemesha nikilipeleka kwa watu. Mwaka 2017 tulipovuka kuingia upande wa Chiengi, tukapelekwa Kenani, kabla Mantapala haijafunguliwa mwaka 2018, mtu yeyote angeweza kutununua kwa chochote. Kitenge cha harusi kiliuzwa kwa kikombe cha unga. Mbuzi mzima aliuzwa kwa nauli. Wanunuzi hawakudanganya. Bei ilitajwa, tukakubali. Lakini je, tulikubali? Mimi nasema tulikuwa mpumbu. Tulikuwa tunapanda mto mahali ambapo lazima tupite.

Kwa hiyo jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, kumdanganya mtu ni kuyatumia yale anayoyajua kwa haki kama silaha dhidi yake. Aibu ni ya mwenye kijiko, na anayemcheka aliyenaswa anamsaidia kuvua kesho. Pili, kusema ukweli hakumalizi deni lako. Lazima pia uangalie saa. Unachoweza kumfanyia mwenzako akiwa ameshiba, kwa mkono wazi na sahihi mbili, huenda ni dhuluma ukimfanyia mwezi wa njaa.

Siye serikali hatuna. Hatuwezi kutangaza sheria ya kufunga kaloba. Lakini miezi yetu ya njaa tunaijua: ni Januari, Februari, Machi, wakati mahindi ya mwaka jana yamekwisha na mapya yangali mabichi shambani. Ni karibu miezi ile ile ya kufunga ziwa, kwa hiyo hata samaki ni haba na ghali. Baada ya lile swali la kaloba, kikundi chetu cha akiba kilikaa vikao viwili, tukabishana sana. Mwenzetu mmoja alisema riba ndiyo inayokuza sanduku, tukiiondoa tutabaki maskini wote. Ana haki, na hesabu yake haikuwa na kosa. Mwishoni tulipiga kura kwa mikono, kumi na mmoja kwa saba: kuanzia Januari mpaka mavuno, mwanachama akikopa kwa ajili ya chakula au dawa, anarudisha kile kile alichochukua. Miezi mingine riba inarudi kama kawaida.

Tumeuita uamuzi huo "kufunga ziwa". Kama sanduku litapona mwaka huu, sina hakika. Ila mkopo wa kwanza chini ya kanuni hiyo umeshatoka, na aliyeuchukua ni mama wa kijana wa baiskeli. Yeye mwenyewe alirudi mpirani wiki mbili zilizopita, anacheza beki wa kushoto. Mmoja akafungua mdomo kumwita jina lile, na wenzake wakamwambia anyamaze.